Beringi za Magurudumu ya Mbele, na Jinsi ya Kuzibadili Nyumbani

Wasomaji wetu wengi wakaao mashamba wanazo motakaa, na wengine, ijapokuwa hawana, hupanda motakaa za jirani zao kwenda sokoni, hospitali au mjini. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza habari za kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, walakini maisha ya watu wote waliomo garini hukitegemea. Kitu hicho ni beringi ya gurudumu la mbele. Ikiwa nzima, hapana aikumbukaye. Ikiharibika na kuachwa, mwisho wake gurudumu huweza kuchomoka gari likiwa mwendoni, na hapo si mali tu ipoteayo.

Kazi ya kuibadili huweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye zana chache, mikono safi na subira. Lakini si kazi ya mchezo. Asiyekuwa na moja katika hayo matatu, heri ampelekee fundi.

BERINGI NI NINI

Mwenye baiskeli hana haja ya kufundishwa sana. Amekwisha kufungua gurudumu lake akaona gololi zimepangwa kuzunguka ekseli, zimelala ndani ya grisi. Kazi ya gololi hizo ni moja na ile ya magogo ambayo wavuvi huyalaza chini ya mtumbwi wanapouvuta kwenda majini. Mtumbwi ukiburutwa juu ya mchanga huwashinda watu kumi; ukibiringika juu ya magogo, watu wachache huuteremsha. Kubiringika ni kwepesi kuliko kuburuza, na hiyo ndiyo siri yote ya beringi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1794 Philip Vaughan, mwenye kiwanda cha chuma katika mji wa Carmarthen, nchi ya Wales, alipewa hati ya kulinda ubunifu wake wa kutia gololi katika ekseli za magari ya farasi. Hata mwaka 1898 Henry Timken wa Marekani, aliyekuwa mtengenezaji wa magari ya farasi, pamoja na mwenziwe Reginald Heinzelman, walipata hati ya beringi ya namna nyingine. Hiyo haikuwa na gololi, bali rola za chuma, nene kidogo upande mmoja na nyembamba kidogo upande wa pili.

Sababu ya umbo hilo ni hii. Gurudumu la mbele huchukua mizigo miwili. Wa kwanza ni uzito wa gari ushukao chini. Wa pili ni msukumo wa ubavuni wakati gari likatapo kona. Rola zilizolala mshazari huweza kuipokea yote miwili. Basi katika pikapu nyingi ambazo injini husukuma magurudumu ya nyuma tu, kila gurudumu la mbele lina beringi mbili za namna hii zinazoelekeana: kubwa ndani, na ndogo nje. Kila beringi ina sehemu mbili. Ya kwanza ni koni, yaani pete ya ndani pamoja na rola zake zilizoshikwa ndani ya kizimba. Ya pili ni kikombe, yaani pete ya nje iliyokazwa ndani ya habu, ambayo ni kitovu cha gurudumu. Nyuma ya beringi ya ndani kuna sili, ambayo kazi yake ni kuizuia grisi isitoke na matope yasiingie.

DALILI ZA UBOVU

Kwanza ni mlio. Beringi iliyoanza kuharibika hunguruma mfano wa jiwe la kusagia. Mlio huo huongezeka kwa kadiri ya mwendo, wala hauachi hata dereva akitoa gia. Motakaa ikikata kona kwenda kulia, uzito mwingi hulalia upande wa kushoto. Basi mlio ukizidi hapo, aghalabu beringi ya kushoto ndiyo mbovu. Na ukizidi wakati wa kukata kushoto, tazameni ya kulia.

Pili ni joto. Baada ya safari, sogezeni mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu la mbele, kwa tahadhari msiungue. Kimoja kikiwa cha moto kuliko chenziwe, pana jambo; ama beringi inasagika, ama breki inashika.

Tatu ni kulegea. Inueni gurudumu kwa jeki, mlishike juu na chini, kisha mlisukume na kulivuta. Likicheza, mwambieni mtu mwingine akanyage breki na kuishikilia, nanyi mjaribu tena. Ikiwa kucheza kumekwisha, ubovu ni wa beringi. Ikiwa bado linacheza, ubovu uko katika viungo vya usukani, na hiyo ni kazi nyingine. Jaribio hili ni dogo, lakini limewaokoa watu wengi gharama ya kununua kisichohitajiwa.

Nne, lizungusheni gurudumu kwa mkono huku mkono mwingine umeshika springi. Beringi nzima huzunguka kimya. Mbovu hukwaruza, na mkono huyasikia matetemeko yake.

SABABU ZA KUHARIBIKA

Adui wa beringi ni watatu: maji, mchanga, na uzito uliopita kiasi. Watu wa mashamba huvuka mito na madimbwi mara kwa mara. Habu iliyopata moto ikizama majini hupoa ghafula. Hewa iliyomo ndani hunywea, na maji hufyonzwa kupitia kando ya sili. Maji yakichanganyika na grisi, kutu huanza juu ya rola, na chembe ya kutu hufanya kazi ya msasa. Kwa hiyo afikaye mtoni na gari la moto yafaa apumzike kidogo kabla ya kuvuka, na aliyezoea kuvuka afungue habu zake na kutia grisi mpya mara nyingi kuliko mtu wa mjini. Na habari ya uzito, kila motakaa ina kiasi chake alichokiandika mtengenezaji. Magunia yanayozidi kiasi hicho hayachukuliwi bure, beringi huyalipa.

KUNUNUA NA KUTENGENEZA TAYARI

Kila beringi imepigwa namba juu ya pete zake. Nakilini namba hizo, au mpeleke beringi yenyewe ya zamani dukani. Angalieni namba iliyopigwa juu ya chuma, wala msitosheke na maandishi ya sanduku, maana beringi za kuigiza zimeenea, na masanduku yake hupendeza macho. Nunueni koni na vikombe vyake pamoja, sili mpya, na pini mpya ya miguu miwili ya kufungia nati. Grisi iwe ile iliyotengenezwa kwa beringi za magurudumu, iwezayo kuvumilia joto la breki. Msichanganye grisi ya namna mbili, kwani nyingine zikikutana huyeyuka na kuwa kama maji.

Zana zihitajiwazo ni jeki, stendi imara mbili, spana ya nati za magurudumu, spana za kawaida, koleo, bisibisi, nyundo, na kipande cha shaba au cha chuma laini cha kupigia. Tena wekeni mafuta ya taa, brashi, vitambaa safi, na miwani ya kukinga macho. Petroli isitumike kuoshea. Mvuke wake huwaka kwa cheche moja. Hata mafuta ya taa yakae mbali na moto na sigara.

Tandikeni turubai safi mahali pasipo na upepo. Siku ya vumbi kali, ahirisheni kazi. Punje moja ya mchanga ndani ya beringi mpya yatosha kuharibu kazi ya mchana kutwa.

KUFUNGUA

Motakaa isimame juu ya ardhi sawa na ngumu. Zuieni magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo, mbele na nyuma yake, na breki ya mkono ivutwe. Legezeni nati za gurudumu kidogo kabla ya kuinua. Inueni kwa jeki, kisha tieni stendi chini ya chasisi mahali palipo imara, mkalishushe gari juu yake. Hapa twasema kwa nguvu: jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mtu asitie kichwa wala mwili chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala juu ya matofali, kwani tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Kosa hili limeua watu katika nyua zao wenyewe, mbele ya watoto wao.

Ondoeni gurudumu. Ikiwa breki ni ya disiki, fungueni kalipa na kuitundika kwa waya. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta, maana mpira huo hupasuka ndani, na ubovu wake hauonekani ila siku breki zinapotakiwa. Ikiwa breki ni ya drami, legezeni kwanza marekebisho yake. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Uingereza ilikataza namna yake ya mwisho mwaka 1999. Lilowesheni vumbi kwa maji na kulipangusa kwa kitambaa, kisha kitambaa hicho mkitupe.

Sasa toeni kifuniko kidogo cha katikati kwa kukigonga taratibu pande zote. Nyosheni miguu ya pini na kuivuta. Fungueni nati, toeni washa yake, na beringi ndogo ya nje itakuja yenyewe. Ipokeeni kwa mkono isianguke. Vuteni habu nzima kwenu. Ing'oeni sili kwa bisibisi, ndipo beringi kubwa ya ndani itatoka. Pangeni kila kitu juu ya turubai kwa utaratibu wa kilivyotoka, ili wakati wa kurudisha pasiwe na mashindano.

Osheni na kutazama. Rola zenye vidoa, vishimo au rangi ya buluu zimekwisha. Tazameni vikombe ndani ya habu; vikiwa na mistari au magamba, navyo vimekwisha. Itazameni pia ekseli yenyewe. Koni hupaswa kuteleza juu yake bila kulegea. Ekseli ikiwa imeliwa au imegeuka buluu kwa moto, acheni kazi hapo hapo mkamtafute fundi, kwani beringi mpya juu ya ekseli mbovu haitadumu.

KUTIA BERINGI MPYA

Mtu asidhani kwamba aweza kutia koni mpya na kuacha vikombe vya zamani. Sisi wenyewe tulifanya hivyo siku moja. Kuvitoa vikombe kulikuwa na taabu, navyo vilionekana vizima machoni petu, basi tukaviacha. Haukupita muda mrefu mlio ukarudi, na tulipofungua tulikuta rola mpya zimekwisha kuchakaa kwa kufuata njia ya zile za zamani. Tukanunua mara ya pili. Hivyo uvivu wa nusu saa ulitugharimu bei ya beringi mbili.

Vikombe vya zamani hutolewa kwa kupiga kipande cha shaba kutoka upande wa pili wa habu. Pigeni kidogo upande huu, kidogo upande ule, ili kikombe kitoke sawasawa bila kulala ubavu. Safisheni makao yake mpaka yang'ae. Kikombe kipya huingia kikiwa na mdomo wake mpana umeelekea nje ya habu, kwenye upande ambao koni itaingilia. Kigongeni kwa utaratibu ule ule wa kuzunguka. Chaweza kutumika kikombe cha zamani kuwa kigongeo juu ya kipya, lakini kwanza kipunguzwe ukingo wake kwa tupa, kisije kikakwama ndani. Kikombe kinapofika mwisho, mlio wa nyundo hubadilika; ulikuwa mzito, sasa unalia mkali. Msiendelee kupiga. Tazameni kwa taa kwamba hapana nafasi nyuma yake.

Kisha ni kushindilia grisi. Wekeni fungu la grisi katika kiganja cha mkono wa kushoto. Shikeni koni kwa mkono wa kulia na kuukandamiza upande wake mpana juu ya grisi, mara kwa mara, mpaka grisi itokeze upande wa pili katikati ya rola. Zungusheni kidogo, mwendelee hivyo mpaka mzunguko mzima umejaa. Kupaka grisi juu juu tu ni sawa na kumpaka mwenye njaa uji mdomoni. Pakeni vikombe pia, na mtie kiasi ndani ya habu, lakini msiijaze yote. Theluthi moja yatosha, maana grisi iliyozidi hupata moto, hutafuta njia ya kutoka, na mwisho hufika kwenye breki.

Tieni beringi ya ndani, kisha sili mpya, mdomo wake umeelekea ndani kwenye beringi. Igongeni kwa kipande cha mbao kilicho bapa mpaka iwe sawa na ukingo. Pakeni grisi kidogo mdomo wa sili, ipanguseni ekseli, na mrudishe habu polepole, isije ikaikwaruza sili. Tieni beringi ya nje, washa, na nati.

KUKAZA NATI

Hapa ndipo wengi hukosa, na ndipo penye hatari kuu. Nati hii haikazwi kama nati nyingine. Ikikazwa mno, rola hubanwa, hupata moto na kuungua. Ikilegea mno, gurudumu huyumba na kuvunja beringi. Fanyeni hivi. Izungusheni habu kwa mkono huku mkiikaza nati kwa spana mpaka habu ianze kuwa nzito. Hivyo kila kitu hukaa mahali pake. Kisha legezeni nati kabisa, mkaikaze tena kwa vidole tu. Katika motakaa nyingi za namna hii hutakiwa ubaki uchezaji mdogo sana, usiozidi 0.1 ya milimita hivi, yaani mfano wa unene wa karatasi. Kitabu cha motakaa yenu kikitaja kipimo chake, kifuateni hicho.

Tundu la pini lisipoelekeana na meno ya nati, legezeni kidogo mpaka lielekeane. Msikaze ili kulifuata. Tieni pini mpya na kuikunja miguu yake. Pini ya zamani isirudishwe kamwe. Hiyo ni senti chache za waya, lakini hapana kingine kiizuiacho nati isifunguke barabarani.

Rudisheni kifuniko, breki na gurudumu. Kazeni nati za gurudumu kwa mkingamo, yaani moja kisha ile iliyo ng'ambo yake, mkazimalize baada ya gari kushuka chini. Kabla ya kuondoka kanyageni breki mara kadhaa mpaka ipande na kuwa ngumu. Aliyesahau jambo hili hugundua kwamba hana breki wakati amekwisha kutoka uani.

Endesheni polepole kilomita chache, msimame, msikilize joto la habu. Baada ya kilomita 100 hivi inueni tena na kupima uchezaji, na nati za gurudumu zikazwe upya.

MOTAKAA ZA NAMNA NYINGINE

Maelezo haya si ya motakaa zote. Gari ambalo injini husukuma magurudumu ya mbele aghalabu lina beringi moja iliyofungwa kiwandani pamoja na grisi yake, haifunguliwi wala haitiwi grisi. Nyingine zimeungana na habu na kushikwa kwa bolti. Mtu mwangalifu aweza kuzibadili nyumbani. Nyingine zimeshindiliwa ndani ya chuma kwa nguvu nyingi, nazo hutaka mashine ya kushindilia. Kuzipiga kwa nyundo ni kuziua kabla hazijaanza kazi, kwani pigo lipitalo katikati ya gololi huacha alama juu ya njia yake. Tena katika gari la namna hii nati kubwa ya ekseli lazima iwe mpya ikiwa mtengenezaji ameagiza hivyo, ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, na gari lisibebeshwe uzito wake juu ya gurudumu hilo kabla nati haijakazwa.

Mwisho, wenye motakaa na wapandao motakaa wote tuwakumbushe jambo moja. Beringi haiharibiki kwa siku moja. Hunong'ona kwanza, kisha hunguruma, kisha hupiga kelele, na dereva huongeza sauti ya redio. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi asikiaye mngurumo katika gurudumu la mbele asingoje safari ya kesho, hasa ikiwa kesho amebeba wake, watoto na wagonjwa wa watu. Afungue leo atazame.